Kompyuta ya zamani inayojizima yenyewe: uanze na vumbi, memori, pawa saplai au Windows?

Uko katikati ya kuandika, hujahifadhi kitu, mara skrini inakuwa nyeusi. Feni zinanyamaza. Sekunde mbili baadaye zinaanza kuvuma tena na kompyuta inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho inarudia saa nyingine kabisa. Keshokutwa inashinda kutwa nzima bila tatizo, nawe unaanza kuamini imepona.

Kompyuta ya mezani iliyokula miaka minane au kumi huugua hivi kwa njia nne kubwa, na kila njia ina tiba yake. Ugumu ni kwamba kwa mtu aliyekaa mbele ya skrini zote zinafanana. Mimi yangu ilipoanza nilikimbilia kununua memori (RAM), kwa sababu ndiyo rahisi kubadilisha na kila niliyemuuliza aliitaja. Ikaendelea kuzima vilevile. Wiki tatu baadaye niliazima pawa saplai, lile boksi linaloigawia kompyuta umeme, kutoka kompyuta nyingine iliyokuwa imekaa bila kazi, na kuzima kukakoma siku hiyohiyo. Ile pesa ya memori niliihitaji kwingine, na iliniuma. Tangu hapo mtu akiniletea kompyuta ya namna hii swali langu la kwanza ni moja: inakufaje?

Nimezilinganisha kwa vigezo gani

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. Kwanza dalili, yaani namna kompyuta inavyozima na inazima ikiwa inafanya nini. Pili kazi na gharama. Tatu hatari, kwa sababu kuna matengenezo yanayoweza kukuachia uharibifu mkubwa kuliko ulioanza nao. Nne uhakika: ukishafanya, utajuaje kwamba umepatia? Tano, njia hiyo inamfaa nani.

Kabla hujachagua chochote, fanya mambo mawili yasiyogharimu kitu. Nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje leo, wakati kompyuta bado inawaka. Kisha izuie Windows isijiwashe upya inapoanguka: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, bonyeza Settings chini ya Startup and Recovery, halafu ondoa tiki kwenye Automatically restart. Ikiwa ni Windows yenyewe inayoanguka, skrini ya bluu sasa itabaki mbele yako pamoja na msimbo wake. Ikiwa kompyuta inaendelea kuzima ghafla bila bluu yoyote, Windows haikupata hata nafasi ya kulalamika, na macho yako yaelekee kwenye umeme au joto.

Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, karibu hakika utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Hapa wengi wanapotea. Wanaona neno Power na papo hapo wanaagiza pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa vizuri; hata ukichomoa waya ukutani kwa makusudi litaandikwa. Chenye maana ni kipengele cha BugcheckCode kilicho ndani yake. Kikiwa 0, hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa. Kikiwa na namba nyingine, Windows ilianguka na kuacha sababu, ila namba hiyo imeandikwa kwa desimali, wakati misimbo kwa kawaida hutajwa kwa mtindo wa 0x: 26 ndiyo msimbo 0x1A, na 292 ndiyo 0x124. Kwa anayetumia Linux, amri ya journalctl -b -1 -e inaonyesha mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Ikiwa kumbukumbu zinakatika ghafla bila dalili yoyote ya mfumo kufunga programu zake, ilizimwa na kitu kilicho nje ya mfumo.

Njia ya kwanza: vumbi na joto

*Dalili.* Inazima ikiwa na kazi nzito, mara nyingi dakika kumi au ishirini baada ya kuanza mchezo au kuhariri video. Kabla ya hapo feni zinapiga kelele na kila kitu kinakuwa kizito, kwa sababu prosesa, chipu kuu ya kompyuta, ikipata joto hujipunguzia kasi kwanza. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikishindwa kabisa kupoa, umeme unakatwa ili zisiungue. Kwa kawaida kuzima kwa joto ni kuzima moja kwa moja. Ukijaribu kuiwasha papo hapo inakataa au inazima tena, ukiipumzisha nusu saa inakubali.

*Kazi na gharama.* Ndiyo nafuu kuliko zote, na ndiyo inayotaka mikono. Fungua ubavu wa kompyuta, uitazame feni iliyo juu ya prosesa. Kwa juu inaweza kuonekana safi kabisa, na hapo ndipo watu wanafunga na kusema vumbi si tatizo. Fungua skrubu nne, inua feni peke yake. Chini yake, juu ya yale mapezi ya alumini, utakuta vumbi limelala kama kipande cha blanketi, limeshonana kiasi kwamba unaweza kulibandua kwa vidole likatoka zima. Feni imekuwa ikizunguka kwa bidii miaka yote hiyo, na hewa haipiti.

Ukifika hapo, inua na kipoza chenyewe uone pesti iliyo kati yake na prosesa. Pesti nzima ni laini na inanata. Iliyochoka imekuwa kama udongo mkavu, ukiikwaruza kwa ukucha inatoka kwa magamba. Ifute pande zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti mpaka chuma king'ae, weka tone jipya dogo kama punje ya njegere katikati, rudisha kipoza na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Usiisahau pawa saplai. Nayo ina feni, na vumbi lake hutolewa kwa kupuliza kutoka nje bila kuifungua.

*Hatari.* Unapopuliza hewa, shika ubawa wa feni usizunguke. Na kama prosesa ni ya AMD ya soketi AM4 au za kabla yake, ambayo pini ziko kwenye prosesa yenyewe, usivute kipoza kwa nguvu kikiwa baridi. Pesti iliyokauka inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza, na pini zikapinda. Iwashe kompyuta kwanza ipate moto, izime, chomoa waya, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua.

*Uhakika.* Mzuri. Programu kama HWiNFO inaonyesha joto kabla na baada. Joto likishuka na kuzima kukakoma, umemaliza. Likishuka na kuzima kukabaki, hujapoteza kitu, ila tafuta kwingine.

*Inamfaa* karibu kila mwenye kompyuta isiyofunguliwa kwa miaka, hasa iliyokaa sakafuni.

Njia ya pili: memori

*Dalili.* Skrini za bluu ambazo msimbo wake haukai: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kivinjari kinajifunga, faili kubwa uliyopakua inakataa kufunguka, programu inagoma kusakinishwa halafu mara ya pili inakubali. Haijali kama kompyuta ina kazi au imekaa tu.

*Kazi na gharama.* Kupima ni bure. Weka MemTest86 au Memtest86+ kwenye fleshi, washa kompyuta kutoka kwenye fleshi hiyo, iache ipime usiku kucha. Windows ina kipimo chake pia, mdsched, ambacho ni chepesi zaidi na kinaweza kupitiwa na kosa lililojificha. Kosa moja tu kwenye skrini linatosha kuihukumu. Likitokea, chomoa vipande vyote vya memori, rudisha kimoja, pima. Weka kingine, pima. Kabla ya kuhitimisha kwamba kipande ni kibovu, kihamishie nafasi nyingine, maana mara nyingine nafasi ya mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ndiyo mbovu au kipande hakikukaa sawasawa. Na kama uliwahi kuwasha XMP kwenye BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) ili memori ikimbie zaidi, izime kwanza. Kompyuta iliyovumilia kasi hiyo ikiwa mpya inaweza kushindwa nayo uzeeni.

*Hatari.* Ndogo kwenye mikono: gusa chuma cha kasha kabla ya kushika memori ili umeme tuli uondoke, na ukinunua hakikisha aina. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, mkato wake uko mahali tofauti, usilazimishe. Hatari kubwa ya memori mbovu iko kwenye faili. Kila unachohifadhi kinapitia hapo, na kinaweza kuandikwa kikiwa kimeharibika bila onyo lolote. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu akisakinisha Windows upya kabla ya kupima memori: anajenga nyumba mpya kwa matofali yenye nyufa.

*Uhakika.* Mkubwa kuliko wa njia zote nne.

*Inamfaa* mwenye skrini za bluu za kila aina, na yeyote anayetaka jibu bila kutoa hela.

Njia ya tatu: pawa saplai

*Dalili.* Nyeusi, pap, kisha inawaka yenyewe. Hakuna bluu, BugcheckCode ni 0. Inapenda kutokea pale mzigo unapobadilika ghafla: mchezo unapoanza na kadi ya picha inapoamka, au hata mzigo unaposhuka. Nyingine inazima na kukataa kuwaka mpaka uchomoe waya ukutani kwa dakika moja, kwa kuwa ulinzi wake umejifunga. Nyingine asubuhi inataka kitufe kibonyezwe mara tatu, halafu ikishapata moto inafanya kazi vizuri.

Inasaidia kujua kinachotokea ndani. Pawa saplai inaipa mazabodi ishara inayosema umeme umetulia. Ishara hiyo ikikatika hata kwa kitambo kidogo sana, mazabodi inaisimamisha prosesa na kuanza upya, na hicho ndicho kile kifo cha ghafla unachokiona. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinataka njia ya volti 12 ikae kati ya 11.4 na 12.6. Kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi, zikizeeka, na joto huziharakisha sana, haziwezi tena kuziba pengo pale kadi ya picha inapovuta umeme ghafla.

*Kazi na gharama.* Kubadilisha ni kazi ya saa moja, lakini kifaa chenyewe kinagharimu. Kwa hiyo kabla ya kununua chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, bila waya wa kurefushia, na ubadilishe waya wa umeme. Halafu chomoa kwenye mazabodi zile waya mbili za kitufe cha kuwasha upya kilicho mbele ya kasha. Kitufe kilichochakaa kinaweza kugusana chenyewe ndani, na kompyuta ikatii kana kwamba umekibonyeza. Nimewahi kuona kompyuta iliyokuwa inasubiri pawa saplai mpya ikipona kwa hilo tu.

*Hatari.* Usifungue pawa saplai. Kapasita zake zinabaki na umeme wa kukudhuru hata baada ya kuchomoa waya. Ukibadilisha yenye waya zinazochomoka, toa na waya zake zote za zamani: plagi zinaweza kufanana huku mpangilio wa ndani ukiwa tofauti, na ukichanganya unaweza kuunguza diski. Pia kompyuta nyingi ndogo za ofisini zina pawa saplai ya umbo au plagi ya pekee, kwa hiyo pima na tazama kabla ya kuagiza.

*Uhakika.* Mdogo mpaka uazime nyingine nzima. Multimita na programu za kuonyesha volti zinaweza kukuambia 12.1 siku nzima, kwa kuwa anguko lenyewe ni la kitambo kidogo mno kwa vipimo hivyo. Kuibadilisha kwa muda na kuishi nayo siku kadhaa ndicho kipimo ninachokiamini.

*Inamfaa* mwenye kompyuta inayokufa ghafla bila neno, ambayo haina joto, na hasa aliyeiongezea kadi ya picha kubwa juu ya pawa saplai ileile ya zamani.

Njia ya nne: Windows, draiva na diski

*Dalili.* Inaganda zaidi ya kuzima: kishale hakitembei, taa ya diski imewaka na haizimi. Au skrini ya bluu inarudi na msimbo uleule, ikitaja faili lilelile la draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa. VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye kadi ya picha au draiva yake. Mara nyingi mwenyewe unakumbuka tarehe: ilianza baada ya sasisho, au baada ya kuongeza kifaa.

*Kazi na gharama.* Ni muda tu. Kipimo ninachokipenda ni kuwasha Linux kutoka kwenye fleshi bila kuisakinisha, na kuitumia siku nzima kwa kazi zako za kawaida. Ikizima hata humo, Windows imeachiwa huru, rudi kwenye njia tatu za juu. Ikitulia, tatizo linaelekea liko kwenye Windows au kwenye diski. Soma hali ya diski kwa CrystalDiskInfo au smartctl. Namba 5, 197 na 198 zinahesabu sehemu zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Zikipanda wiki hadi wiki, diski inaondoka. Namba 199 ikipanda, badilisha kwanza kebo ya data, ambayo ni kitu kidogo. Diski ikiwa nzima, rudisha draiva ya awali, kisha kwenye Command Prompt (Run as administrator) endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth na baada yake sfc /scannow.

*Hatari.* Kusakinisha upya kunaweza kufuta kila kitu. Na chkdsk /r kwenye diski inayokufa inailazimisha kusoma kila kona yake. Nakili kwanza, kagua baadaye.

*Uhakika.* Wa kati. Draiva moja mbovu unaipata haraka. Windows iliyochoka kwa ujumla wake unaithibitisha kwa kusakinisha upya tu.

*Inamfaa* mwenye tarehe ya kuanzia, au mwenye msimbo usiobadilika.

Kwa hali yako

Kama inazima na kuwaka bila bluu, na feni hazikuwa zinalia, anza na waya wa ukutani na kitufe cha kuwasha upya, kisha azima pawa saplai. Kama ilianza kuwa nzito kabla ya kuzima, fungua kasha kwanza, leo.

Kama una skrini za bluu zenye misimbo ya kila aina, acha MemTest86 ikeshe. Msimbo ukiwa mmoja tu, ufuate huohuo. Isipokuwa 0x124: huo unaelekeza kwenye vifaa vyenyewe, na kwa kompyuta kongwe ningeanza na joto, nikaja kwenye umeme, nikamalizia na prosesa na mazabodi.

Kama hujui inakufaje kwa sababu hutokea ukiwa haupo, panga kwa gharama: vumbi, memori, fleshi ya Linux, halafu pawa saplai. Andika pembeni saa na kilichokuwa kinaendelea kila inapozima. Mistari sita au saba ya daftari imenisaidia kuliko programu nyingi.

Kama faili zilizomo ni za kazi na huna nakala, usianze na njia yoyote. Toa diski, isome kwenye kompyuta nyingine, nakili, ndipo urudi.

Kama umepita njia zote nne na bado inazima, tazama kapasita zilizo kwenye mazabodi, karibu na prosesa. Zenye kichwa kilichovimba au ute wa kahawia zimekwisha. Mazabodi mpya kwa kompyuta ya umri huo mimi singeinunua. Ningechukua diski na pawa saplai kama bado ni nzima, na nguvu nizipeleke kwenye kompyuta nyingine. Hapo zingatia pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine ya namna hiyo ikipona inaweza kuishi vizuri na Linux, lakini lijue hilo kabla hujainunulia kifaa kipya kwa ajili ya Windows.

Na kama imetulia wiki mbili, usirudishe kila ulichokizima siku moja. Rudisha waya wa kurefushia, utumie siku chache. Kisha kitufe cha kuwasha upya, siku chache. XMP iwe ya mwisho.